Simu Tatu Kutoka Kichuguuni

Nyumbani kwa Baba,
Kibaoni,
S.L.P. 118,
Ifakara.

9 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Beno,

Wazima huko Lubumbashi? Wifi yangu Herieth hajambo? Na wale mapacha, wameacha kung'atana? Mgongo wako je, ule unaokukamata kwa kushinda chini ya malori ya watu? Nauliza yote haya kwa moyo, Beno, si kwa kufuata desturi ya barua. Tena nauliza taratibu, maana nikimaliza kuuliza itabidi niseme lililonikalisha hapa na kalamu tangu asubuhi, na sina haraka ya kufika huko.

Sisi huku tunapumua. Justa na wanawe hawajambo. Kale kachanga kake ka mwaka jana sasa kanatembea, na jana kamemwaga ungo mzima wa mchele uani kisha kakajipigia makofi. Mpunga umekubali mwaka huu, mto haukutuonea kama mwaka jana. Nyumba ya Baba iko vilevile, Justa amepaka chokaa sebuleni tu. Mimi nilifika wiki mbili zilizopita na mwili hauna tatizo.

Utajiuliza kwa nini dada yako mwenye simu mbili anakuandikia karatasi. Abdulkarim, yule dereva uliyesoma naye, anaondoka kesho na shehena ya mchele, na ameniahidi kukukabidhi mkononi kabla ya siku nane. Ningeweza kukupigia. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuchekesha halafu nikakata. Unanijua nilivyo na mdomo. Karatasi siwezi kuichekesha.

Jumamosi ya tarehe 24 tunabariki msalaba wa Baba. Padri amekubali, mafundi wapo, Justa amepanga kila kitu mpaka nani atapika na nani atateka maji. Amebakiza jambo moja tu, na jambo lenyewe ni mtani. Wewe unajua taratibu zetu. Mtani ndiye wa kumwaga maji ya kwanza kwenye saruji, ndiye wa kulala juu ya kaburi na kugoma kuondoka mpaka apewe kitu, ndiye wa kumsema marehemu mbele za watu mpaka waliokuja kulia wacheke. Asipokuwepo, msiba wa Baba utakuwa haujaisha, tutakuwa tumejenga saruji tu.

Nilimwuliza Justa, akanijibu kwa ukavu: "Beno alishasema. Hermenegildi asikanyage makaburini. Wewe una neno gani la kuongeza?" Nilikuwa nalo, Beno. Sikulitoa. Nikaenda kuosha vyombo.

Basi nalitoa hapa. Nakuandikia ili uiondoe amri yako kabla ya siku hiyo. Mzee Hermenegildi hakumwacha Baba afe bila kumwambia mtu. Alipiga simu. Alipiga siku tatu mfululizo, na aliyezungumza naye ni mimi.

Nimeshaandika. Kama umesimama, kaa. Na usiichane kabla hujafika mwisho.

Wewe ndiye mdogo wetu, labda huyakumbuki yote. Ukoo wa Mzee Hermenegildi na wetu ni watani tangu enzi za mababu huko Mahenge, na yeye na Baba walihamia huku bondeni mwaka mmoja. Alikuwa akipita barabarani anapaza sauti: "Egidius! Bado unapumua? Kitanda chako nimeshamwahidi mtu!" Naye Baba anajibu kutoka ndani: "Tangulia wewe, nguo zako hata mbwa atazikataa!" Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimsikia tu anakimbilia kuficha jogoo. Wewe alikuita Kambare, kwa sababu ulikuwa hushikiki ukitakiwa kuoga. Justa alikuwa Chura. Mimi nilipoanza kupenda madaftari akaniita Profesa wa Pumba, kabla hata sijajua profesa ni mtu wa namna gani. Katika miaka yangu arobaini na sita sikuwa nimewahi kusikia jina Balbina likitoka kinywani mwake. Nakuomba uliweke hilo akilini.

Sasa kazi yangu. Nadhani hakuna hata mmoja wenu niliyewahi kumweleza vizuri. Mlisema "dada anafundisha Uingereza" mkatosheka, nami nikatosheka. Falsafa niliyosomea ni ile ya kuchambua. Unachukua sentensi moja ndogo, unaikalia miaka sita, unauliza inafanya kazi gani. Tasnifu yangu ya udaktari ilisomwa na watu wanne, na mmoja wao nina hakika alisinzia. Baada ya hapo nikatangatanga: mkataba wa miezi tisa hapa, mwaka mmoja pale, miji minne ndani ya miaka mitano, kila mji na godoro jipya. Mlikuwa mnaona picha zangu nimesimama kwenye theluji mnasema dada ametoboa. Nilikuwa nimesimama nje kwa sababu chumbani kulikuwa na baridi zaidi.

Wenzangu walikuwa wanabishana juu ya mtu anayesema mvua inanyesha huku mwenyewe haamini kama inanyesha. Wamebishana hivyo tangu babu zao. Siku moja kwenye semina, nimechoka nao, nikawaambia: kwetu yupo mzee anayetangaza mara tatu kwa wiki kwamba baba yangu amekufa. Hakuna anayemwamini, yeye mwenyewe hataki aaminiwe, na bado si mwongo. Chumba kizima kikanigeukia. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kweli.

Hoja yenyewe ni nyepesi. Mtu akikuambia jambo anajiweka rehani: niamini, na nikikudanganya nishike mimi. Mtani hajiweki rehani. Kwa hiyo, nikasema, anachotamka mtani hakihesabiki kuwa ni kauli. Si kweli wala si uongo, na anayekisikia hana haki ya kukiamini wala wajibu wa kukijali. Wala wajibu wa kukijali, Beno. Nimeyaandika hayo kwa mkono huuhuu unaokuandikia wewe.

Makala hiyo ikapendwa. Ikanipa ajira ya kudumu, ikazaa kitabu, kitabu kikanizungusha nchi za watu, na Februari ya mwaka jana wakanipa uprofesa. Nilimpigia Mzee Hermenegildi kumpa habari hizo. Unajua alisemaje? "Kumbe miaka yote hii umekula kwa mdomo wangu! Basi ukija niletee meno mapya, haya umeyamaliza." Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwenye mkutano mmoja, mama mmoja mtu mzima aliwahi kuniuliza: na huyo mtani wako siku akiwa na habari ya kweli, inakuwaje? Nikamjibu bila kufikiri mara mbili. Ataacha utani, atakuita kwa jina lako, na kwetu hata mtoto anaijua alama hiyo. Watu wakaitikia kwa vichwa. Jibu hilo limo kitabuni, ukurasa wa hamsini na tatu.

Njoo sasa Mei ya mwaka jana. Baba yuko bondeni ng'ambo ya Kivukoni, kwenye dungu lake, analinda ndege wasimalize mpunga. Shamba la pili yake ni la Mzee Hermenegildi. Justa yuko Mchombe kwa wakwe zake, ana mtoto wa wiki mbili. Wewe ulikuwa umebadilisha laini, hakuna mzee kule bondeni mwenye namba yako. Jumanne ile ngiri ya Baba, aliyotuficha miaka yote, ikakaza na tumbo likaanza kuvimba. Mtani akamwambia, panda mtumbwi nikupeleke darajani, tutapata usafiri wa hospitali. Baba akakataa. Mpunga umebakiza wiki mbili, nani atafukuza ndege? Unaujua ukaidi wake.

Kule bondeni mtandao haupo isipokuwa juu ya kichuguu kimoja, mwendo wa robo saa kwenye maji ya magotini. Mzee wa miaka sabini na nne akaenda, akapanda, akanibipu kama kawaida yake. Nami nikampigia.

"Profesa wa Pumba! Baba yako anakufa. Njoo umzike, lile shati lake la Krismasi nimeshalichukua."

Nikacheka. Nikamwambia achukue na suruali. Akasema, "Nakuambia anakufa, wewe mtoto usiye na haya!" Nikamjibu kwamba tangu nizaliwe amemuua Baba mara elfu, aje na jipya. Akacheka kidogo, simu ikakatika.

Jumatano akabipu tena. "Tumbo la baba yako limekuwa gumu kama kinu. Mwambie aende hospitali, mimi hanisikii." Nami, kwa huu mdomo wangu, nikasema, "Kama ni kinu, si mtwange?"

Ndiyo, Beno. Hivyo ndivyo nilivyosema. Natamani ningeweza kukuandikia kwamba nilisema kitu kingine.

Alhamisi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha semina. Safari hii hakupaza sauti. Alisema, "Balbina." Nikasikia upepo. "Balbina, zungumza na baba yako. Nitambeba mgongoni nimlete hapa juu. Nipe nusu saa, nitakubipu. Mwambie neno moja tu, nenda."

Usije ukadhani sikulisikia jina langu. Nililisikia, na nikafurahi! Nikajisemea, mzee huyu fundi kweli, sasa anaigiza mpaka ile alama yenyewe. Nikamwambia, "Leo umepatia, mzee, karibu nikuamini!" Nikazima simu kwa sababu watu walikuwa wameshakaa, nikayaandika maneno yake kwenye daftari palepale mlangoni nisije nikayasahau.

Nikaingia, nikawasomea. Walikuwa watu kumi na wanane. Nikawatafsiria neno kwa neno, jina langu, ile nusu saa, na kumbeba mgongoni, kama mfano mpya wa jinsi mtani anavyoweza kuiga hata ukweli. Walicheka sana. Kijana mmoja akauliza swali zuri, tukalijadili karibu saa nzima, simu yangu imezimwa ndani ya mkoba.

Nilipoiwasha nilikuta amebipu mara saba. Nikasema moyoni, leo mzee amenikamia, nitampigia Jumapili.

Ijumaa Mzee Hermenegildi akakodi vijana wawili wavuvi, wakamnyanyua Baba kwa nguvu huku akiwatukana, wakampeleka. Daktari alisema angefika siku mbili kabla wangempasua, na asubuhi yake angekuwa anadai ugali. Alikufa Jumamosi. Mengine unayajua, Justa alikupigia.

Kinachofuata pia unakijua, lakini ulikisikia kwa simu, hukukiona. Nilifika siku ya maziko yenyewe. Justa alikuweka kwenye spika pale uani, ulikuwa unalia mpaka sauti imekwisha. Ukauliza nani alikuwa na Baba bondeni. Wakakuambia Hermenegildi. Ukauliza, kwani hana simu? Uwanja mzima ukamgeukia. Alikuwa ameshika jembe, ana udongo wa kaburi la Baba hadi magotini. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Simu haikuwa na chaji," akasema.

Beno, mzee yule amesema maneno ya ovyo maisha yake yote na sijui kama aliwahi kumdanganya mtu. Siku ile alidanganya, akiwa na akili zake timamu, mbele ya maiti ya rafiki yake, kwa ajili yangu mimi niliyekuwa natazama viatu. Ukamwita mchawi. Ukasema asiguse jeneza, na makaburini asionekane, siku ile wala siku nyingine yoyote. Akaliegemeza jembe ukutani akaondoka kwa miguu, njia ya Kivukoni. Tukamzika Baba bila mtani. Hakuna aliyemwigiza alivyokuwa akitembea, hakuna aliyeangua kicheko, watu waliangaliana tu kama wamekosea msiba. Na mimi wiki iliyofuata nikapanda ndege kurudi kufundisha.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuamka na kulala. Nikisimama mbele ya wanafunzi naanza sentensi siimalizi. Mwezi wa kumi nilijikaza, nikamwandikia mhariri wa jarida lililochapisha makala yangu. Nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe, nikamwomba aiondoe, au walau aweke tangazo kwamba mwandishi amegundua kuwa alikosea. Akanijibu kwa upole mwingi. Akanipa pole kwa msiba. Kisha akasema kisa changu hakiivunji hoja, bali kinaipanua kwa namna ya kusisimua, na kama nitapenda kukiandika kama makala mpya watanitengea nafasi. Nilikaa na barua hiyo mbele yangu nikaona jinsi ambavyo ningeiandika. Ndilo lililonitisha, Beno, nilishaona mpaka kichwa cha habari. Kifo cha Baba kingenipatia makala nzuri sana.

Na jana, tarehe 8, ilikuwa siku ya mhadhara wangu wa uprofesa. Kila profesa mpya hutoa mmoja, watu wanavaa vizuri, wanakuja na wake zao. Walishabandika picha yangu ukumbini pamoja na mada: utani na ukweli. Niliondoka bila kuaga. Jana saa moja jioni ya hapa, wakati watu wamekaa wananisubiri, au wameshaambiwa warudi makwao, mimi nilikuwa napepeta mchele na Justa huku yule mtoto anamwaga. Sijafungua barua pepe mpaka sasa. Usidhani ni ushujaa. Nimekimbia, na kazi nadhani imekwenda. Nilikuwa na wazo moja tu maishani, Beno. Lingekuwa na kasoro ningelirekebisha, ndiyo kazi niliyosomea. Lakini lilikuwa zuri, kila mtu alisema ni zuri, na kwa sababu nililiamini nilimsikia mtu akiniomba nimwokoe baba yangu nikachukua kalamu.

Jumatatu nilikwenda Kivukoni. Nilimkuta kwenye kivuli cha nyumba yake, anasuka migono ya kutegea samaki. Njia nzima nilikuwa nimejipanga kumwingia kama zamani, nikasema huenda tukianza na matusi mengine yatajifungua yenyewe. Nikasimama mbele yake nikapaza sauti: "Wewe mzee mchafu, bado hujafa tu? Nimefuata ngozi yako nikawambe ngoma!"

Akainua macho. "Karibu, Balbina," akasema. "Umeshakula?"

Nikakaa chini, kwenye vumbi. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda, akaendelea kusuka.

Nikamwuliza kwa nini alidanganya siku ile. Kwanza akamaliza duara alilokuwa anasuka. "Ungerudi wapi?" akasema. "Wewe ni mtu wa kwenda na kurudi. Watu wangekujua kwa hilo, usingekuwa na pa kurudi. Mimi kwangu ni hapahapa, watasema watachoka."

Halafu ndipo akaniambia lile ambalo sikuwa nalijua. Baba alikuwa amemwambia: "Labda Balbina aniambie. Balbina akisema niende, nitakwenda. Lakini usimtishe mtoto." Ndiyo maana Jumanne alianza kwa utani. Na ile Alhamisi alimbeba kweli, Beno. Alimweka Baba mgongoni akavuka naye yale maji, akampandisha kichuguuni, wakakaa pale juu wazee wawili na simu katikati yao. Baba alikuwa amechana nywele. Ndivyo alivyoniambia, alichana nywele kwa sababu anakwenda kuzungumza na mimi. Walisubiri mpaka jua likaanza kushuka, kisha akambeba tena kumrudisha.

Nikamwuliza, ulimwambia nini Baba, kwamba sikupokea? Akasema, "Nilimwambia uko darasani, unafundisha wazungu. Alifurahi."

Nililia, sikujali nani anapita. Hakuninyamazisha. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Kosa si lako peke yako. Mimi nimemuua baba yako kwa mdomo miaka hamsini. Siku alipokufa kweli sikuwa na neno lililobaki la kukuambia, isipokuwa jina lako."

Nilimwomba aje tarehe 24. Akakataa kwa adabu. "Mwenye kaburi ni Beno," akasema. "Beno akiniita nitakuja. Asiponiita nitamwombea Egidius hapahapa." Akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama nami mpaka nikapata bajaji. "Ufike salama, Balbina." Nilihesabu njiani. Aliniita Balbina mara nne, wala hakuwa na habari yoyote mbaya ya kunipa.

Sikuombi unisamehe. Mimi nimejaribu mwaka mzima nimeshindwa, sioni wewe utawezaje kwa kusoma karatasi. Ukinitukana utakuwa umenipa haki yangu. Justa nitamwambia leo, nikishaifunga barua hii, na siku ya msalaba nitasimama mbele ya padri na ukoo mzima niseme nani alizima simu. Ila nilitaka usikie wewe kwanza, kwa sababu uliyemwita mchawi ni yeye, na aliyekuwa amesimama pale uani akikusikia ukimlilia Baba kwenye simu ni mimi.

Nisalimie wifi Herieth, msomee na yeye kama utaweza. Wabusu mapacha, waambie shangazi yao amewawekea mchele mpya, kilo mbili zimo kwenye mzigo wa Abdulkarim pamoja na samaki wakavu wa Justa. Wasalimie watu wa kwetu wote mnaokutana huko kanisani. Mungu Baba awafunike kwa mkono wake, na mgongo wako aupe nafuu, na amlaze baba yetu mahali ambapo hakuna wa kumsubirisha.

Namba ya Mzee Hermenegildi ni ileile. Ukimpigia, mpigie kabla ya tarehe 24, na usimwombe radhi kwa maneno matamu, yatamtia aibu. Mtukane. Mwambie utamzika wima, mwambie meno yake umeyaota yanauzwa sokoni, lolote litakalokujia, halafu mwamuru aje kulilinda kaburi la Baba. Kisha nyamaza usikilize. Akikuita Kambare, nitafute popote nilipo uniambie, hata kama umeapa kutozungumza nami tena. Akikuita Beno, usiniambie.

Dada yako, anayekupenda hata siku utakapomchukia,

Balbina